Siri na Sitara: Mtumishi wa Umma Aseme Nini, Anyamaze Wapi



Naomba nianze na picha mbili. Zilikuwa kwenye simu ya mpwa wangu, binti wa dada yangu, muuguzi katika zahanati moja ya serikali hapa pwani. Zahanati yenyewe sitaitaja. Dawa za kisukari zilikuwa zimeisha. Wazee wanatoka mbali, wanalipa nauli ya matatu, wanapimwa, wanaandikiwa, kisha wanaambiwa wakanunue nje, na wengi wao hawana cha kununulia. Jioni moja alipobaki peke yake akatoa simu. Picha ya kwanza aliipiga kadi ya stoo ya dawa: kushoto tarehe, katikati kilichoingia, kulia kilichobaki. Kulia kote sifuri, mstari baada ya mstari, wiki saba mfululizo. Picha ya pili aliupiga ukurasa wa rejista ya wagonjwa: jina, umri, mtaa, nambari ya simu, ugonjwa, na pembeni, kwa kalamu nyekundu, maneno mawili yakijirudia kutoka juu hadi chini: hakuna dawa.

Akanijia akaniuliza, "Mjomba, niitume ipi kwenye kundi la mtaa?"

Moyo wake ulikuwa kwenye ile ya pili, nami namwelewa. Sifuri hazimlizi mtu. Majina huliza. Ukisoma jina la mzee wa miaka 71 unayemjua, ukaona wekundu ule pembeni mwake, utasimama kwenda kumuuliza mwakilishi wako wa wadi. Lakini mzee yule wa miaka 71 hakumwambia mtaa mzima kwamba ana kisukari. Alimwambia muuguzi.

Yote nitakayosema jioni hii yamo katika tofauti ya picha hizo mbili. Kadi ya stoo ni habari ya serikali: ilinunua nini, ilileta nini, ilichelewesha nini. Rejista ni habari ya watu walioiamini serikali miili yao. Zote ziko ndani ya jengo moja, pengine ndani ya droo moja, na mtumishi anayeshika funguo za droo hiyo ni yule yule. Tumezoea kuviita vyote viwili "siri za ofisi", na jina hilo moja limetuponza pande zote mbili. Limewafanya watumishi wanyamazie wizi. Limewafanya pia baadhi yao, siku wanapochoka kunyamaza, wamwage kila kitu, pamoja na yasiyokuwa yao kuyamwaga.

Lugha yetu haikuchanganya hivyo. Tuna siri, tuna sitara, tuna amana, na kila neno lina kazi yake. Huku kwetu mtu akifa huitwa mwosha. Mwosha huona yote: kovu, kasoro, alama ambazo marehemu alizificha maisha yake yote. Akitoka chumbani hasemi. Akiulizwa, hujibu kwa dua. Hiyo ndiyo sitara, na mwosha anayeivunja haitwi tena. Sasa chukueni kwamba mwosha huyo huyo, siku moja, amekuta alama za vidole shingoni mwa maiti. Je, sitara inamfunga? Sijui mzee wa mtaa hata mmoja atakayemwambia anyamaze. Aliyemwachia amana ni maiti, na muuaji hakumwachia kitu. Akinyamaza, anamsitiri asiyestahili kwa kumdhulumu anayestahili. Na hata akisema, atamwambia anayepaswa kuambiwa, naye ataeleza zile alama za vidole tu. Kovu la tumboni atalinyamazia mpaka kaburini kwake mwenyewe, maana mwosha huoshwa.

Basi swali la mtumishi wa umma ndilo swali la mwosha: amana hii ni ya nani?

Tuiangalie sheria kwa jicho hilo. Katiba yetu ya 2010 imeweka haki hizi karibu karibu kama majirani wa uani. Ibara ya 31 inalinda faragha: habari za familia yako na mambo yako binafsi zisidaiwe wala zisifichuliwe pasipo ulazima. Ibara ya 33 inalinda uhuru wa kusema, na humo humo inamtaka msemaji aheshimu haki na heshima ya wengine. Ibara ya 35 inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola. Hakuna mahali Katiba iliposema kwamba karani akipata nambari ya mshahara wa serikali anaacha kuwa raia. Ibara ya 236 inakwenda mbele zaidi: afisa wa umma asiadhibiwe wala asibaguliwe kwa kutekeleza kazi yake kulingana na Katiba.

Juu ya msingi huo zikaja sheria mbili. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ilikuja 2016. Sheria ya Ulinzi wa Data ilikuja 2019, na mwaka mmoja baadaye, Novemba 2020, Bi Immaculate Kassait akashika ofisi akiwa Kamishna wa kwanza wa Data. Sheria hii ina meno. Septemba 2023 shule moja ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kutumia picha za watoto bila idhini ya wazazi. Na kwa makosa ambayo hayakupangiwa adhabu yake maalumu, mtu akipatikana na hatia anaweza kutozwa hadi shilingi 3,000,000, au kufungwa hadi miaka 10, au vyote viwili. Kwa hivyo muuguzi anayerusha rejista mtandaoni asidhani anacheza.

Lakini someni sheria hiyo inamlinda nani. Inamlinda mtu anayetambulika au anayeweza kutambulika, na mtu huyo ni binadamu, mwenye nyama na damu, aliyezaliwa na mama. Wizara haikuzaliwa. Kaunti haikuzaliwa. Kampuni iliyopewa zabuni ya kujenga barabara haina kisukari wala mimba ya kufichwa. Bei ya saruji katika mkataba wa umma si taarifa binafsi ya mtu yeyote.

Nalisisitiza hili kwa sababu nimeona kwa macho yangu linavyogeuzwa. Katika ofisi moja niliyokwenda kufuata karatasi zangu, palikuwa na waraka umebandikwa karibu na dirisha la malipo, ukiwakataza watumishi wote kutoa taarifa ya aina yoyote ya ofisi, na sababu iliyotajwa ni Sheria ya Ulinzi wa Data. Nilisimama nikausoma mara mbili huku nikingoja zamu yangu. Ya aina yoyote! Hata idadi ya siku ambazo mashine ya kuchapisha imeharibika. Na chini ya waraka ule ule, juu ya meza, palikuwa na daftari la wageni limefunuliwa wazi, lenye majina, nambari za vitambulisho na za simu za kila aliyeingia tangu asubuhi, na yeyote aliyependa angeweza kusimama akanakili. Sheria iliyotungwa kumsitiri mwananchi ilikuwa inaisitiri ofisi, na mwananchi amelala mezani wazi.

Nikiona hivyo namkumbuka David Munyakei.

Wengi wenu vijana hamumjui, na ni aibu yetu sisi wakubwa. Munyakei alikuwa karani wa Benki Kuu ya Kenya. Aliajiriwa 1991, kijana ambaye hata miaka 25 hajaifika. Karatasi zilizopita mezani kwake zilikuwa za fidia kwa wanaouza bidhaa nje ya nchi. Serikali ilikuwa inataka fedha za kigeni, kwa hivyo ilimlipa mwenye kuuza nje nyongeza juu ya alichouza. Kampuni ya Goldenberg International ilipewa haki ya peke yake ya kuuza nje dhahabu na almasi, na fidia yake ikapandishwa hadi asilimia 35. Kenya ya wakati ule ilikuwa na dhahabu kidogo mno, na almasi haikuwa ikichimbwa kabisa. Mabilioni ya shilingi yalilipwa kwa mali ambayo haikuwahi kuondoka nchini kwa sababu haikuwahi kuwepo.

Munyakei aliona malipo yanapita. Alizishika karatasi, akazitoa, zikawafikia wabunge wa upinzani, na Bunge likajua. Mwaka 1993 alikamatwa, akashtakiwa kwa Sheria ya Siri Rasmi. Mashtaka yaliondolewa baadaye, lakini kazi haikurudi. Alikuja kuishi hapa Mombasa, akasilimu, akaanza maisha upya kwenye mji ambao majirani hawakumjua alikuwa nani. Miaka kumi ilipita kabla Tume ya Bosire haijaketi kuichunguza Goldenberg, naye akafika mbele yake kutoa ushahidi. Mwaka 2004 tawi la Kenya la Transparency International lilimtunuku kwa ujasiri wake. Miaka miwili baadaye, 2006, alifariki akiwa fukara. Alikuwa na miaka 38.

Hebu tuzipime karatasi zile kwa swali la mwosha. Amana ilikuwa ya nani? Fedha zilikuwa za umma. Kampuni ilikuwa kampuni. Benki ilikuwa ya taifa. Katika kiini cha karatasi zile hapakuwa na mgonjwa, hapakuwa na mwanafunzi, hapakuwa na mjane aliyeandika ombi la msaada. Palikuwa na sahihi za maafisa, ndiyo, na sahihi ni ya mtu; lakini afisa anapotia sahihi malipo ya serikali, mkono ule unaandika kwa niaba yetu sote. Munyakei hakumvua mtu nguo. Alifunua shingo yenye alama za vidole, na shingo hiyo ilikuwa ya nchi.

Nililala na jambo hili siku nyingi nikijiuliza: angekuwa ni karani leo, wangemfunga kwa sheria gani? Siogopi tena sana Sheria ya Siri Rasmi, maana jina lake tu siku hizi linawafanya waandishi wa habari wainue kalamu. Naogopa angekamatwa kwa sheria njema. Angeambiwa amevunja faragha. Na watu wema, wanaopenda faragha kama mimi ninavyoipenda, wangetikisa vichwa wakakubali.

Mniruhusu sasa nije kwenye palipo pagumu. Kesi ya kadi ya stoo na rejista ni nyepesi, na ya Goldenberg ni nyepesi pia ukishaitazama vizuri. Ngumu ni ya karani wa mishahara.

Karani huyu anafungua orodha ya malipo na kuona wafanyakazi hewa. Watu 3 wenye akaunti moja ya benki. Mtu aliyezikwa zamani, naye bado anapanda daraja. Hapa ushahidi wenyewe ni majina. Ukifuta majina, nambari za vitambulisho na akaunti, hakuna kinachobaki cha kuonyesha. Na katika orodha hiyo hiyo wamo watu halali: mwalimu ambaye nusu ya mshahara wake inakatwa kwa mkopo, mama anayekatwa kwa amri ya mahakama, mtu mwenye posho ya ulemavu ambayo hajapenda wenzake waijue. Akiirusha orodha nzima kwenye Facebook, amewaanika 400 ili awakamate 3. Akinyamaza, wale 3 wanaendelea kula.

Hapa ndipo lazima tutofautishe milango. Sheria ya 2016, kifungu cha 16, inasema mtu asiadhibiwe kazini kwa kutoa habari aliyoipata kwa siri katika kazi yake, ikiwa kuitoa kuna maslahi ya umma: ufisadi, ubadhirifu, uvunjaji wa haki, hatari kwa afya au mazingira. Na ukiipeleka kwa chombo cha kutekeleza sheria au taasisi ya umma inayohusika, sheria inaihesabu kuwa ni kwa maslahi ya umma. Kwa hivyo majina yana mlango wake: Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, ambayo ina njia ya kupokea ripoti bila mtoaji kujitaja. Huko orodha iende ilivyo, kwa kuwa mpelelezi hawezi kupeleleza kivuli. Mlango wa pili ni wa umma, nao hauhitaji majina. Karani akisema kwamba idara ina watu watatu wanaolipwa kwenye akaunti moja, amesema kweli yote ambayo raia anaihitaji ili adai majibu.

Nakubali kwamba kufuta jina hakutoshi siku zote. Katika kijiji kidogo ukisema "mwanamke aliyejifungua watoto watatu mwezi wa pili", umeshamtaja. Ukisema "mwalimu wa hisabati wa shule ile", na shule ina mwalimu mmoja wa hisabati, umeshamtaja. Mtumishi anayetaka kusema lazima akae ajiulize jirani wa huyo mtu atasikia nini. Kijijini na mjini hesabu si moja. Hili halifundishwi na mawakili. Mkunga yeyote mzee analijua.

Tena yako mambo ambayo hayahusiani na faragha hata kidogo, na tusiyaache yaingizwe humo. Mwalimu akiandika kwamba madarasa yamejaa, au muuguzi akisema zamu ya saa 14 inaua, au karani akiulalamikia mfumo mpya wa ushuru, anasema kama raia mwenye kulijua jambo kwa karibu. Mwaka 1968 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya mwalimu Marvin Pickering wa jimbo la Illinois. Alikuwa ameliandikia gazeti la mtaani barua ya kukosoa jinsi bodi ya shule ilivyoshughulikia fedha za kodi na kuzigawa kati ya masomo na michezo, akafukuzwa. Mahakama ilimpa haki, ikasema lazima pawekwe mizani kati ya haki ya mwalimu kama raia na haja ya serikali kama mwajiri kuendesha kazi yake. Mizani hiyo tunaweza kuichukua. Ila kwenye kikombe cha pili mimi ningemweka mtu wa tatu, ambaye mwajiri huwa anajificha nyuma yake: yule mzee wa miaka 71 kwenye rejista. Haja ya ofisi ni kitu kimoja. Haki ya mzee ni kitu kingine, nayo ni nzito zaidi. Mkubwa wa ofisi anapomkataza mtumishi kusema, aulizwe anazungumza kwa niaba ya nani kati ya hao wawili.

Sasa niseme kinachonikera. Uganda ilitunga sheria ya kuwalinda watoa taarifa za uovu mwaka 2010. Tanzania ikatunga yake 2015. Sisi, tuliomzaa Munyakei, muswada wetu umekuwa ukiandikwa, ukijadiliwa na kuandikwa upya kwa zaidi ya miaka kumi, na hadi mwisho wa 2024 ulikuwa haujawa sheria. Kifungu cha 16 ni kizuri, lakini ni kifungu kimoja. Hakimpi karani mahali pa kulala siku anapofukuzwa nyumba ya serikali. Hakimpi wakili. Hakisemi atakula nini katika miaka ambayo kesi yake ya kuachishwa kazi inazunguka mahakamani. Sheria ya data ina Kamishna, ina ofisi, ina faini. Anayefichua wizi hana Kamishna wake. Mizani ya namna hiyo imeshalala upande mmoja kabla hujaweka kitu juu yake.

Wako wabunge na wawakilishi wa wadi ukumbini hapa. Nimewaona, na nashukuru mmekuja. Ninawaomba mambo matatu ya kuandikwa. Kwanza, kila mwongozo wa ofisi ya umma unaotaja Sheria ya Ulinzi wa Data ueleze ni taarifa ya mtu gani inayolindwa, na pasipokuwa na mtu, sheria hiyo isitajwe. Pili, mtumishi aliyepeleka majina kwa chombo halali, na akauambia umma idadi bila majina, asishtakiwe kwa kuvunja faragha. Tatu, mkubwa anayetumia faragha ya wananchi kuficha upungufu wa ofisi yake ahesabiwe kuwa ameitumia vibaya taarifa yao, kama yule aliyeirusha mtandaoni. Hili la tatu wanasheria wenzangu wamelipinga tulipolizungumza, na nitawasikiliza tena leo wakilipinga. Bado nalitaka.

Mpwa wangu ameketi mstari wa nyuma. Usiku ule niliomwambia hayo aliifuta picha ya rejista mbele yangu, akanionyesha simu ili nihakikishe. Kisha akaniuliza, "Na hii ya kadi ya stoo, mjomba, nikiituma wakanifukuza, utanisimamia?" Nilimwambia ndiyo. Akaniangalia kitambo. Ana watoto wawili, na mume wake ni fundi wa vibarua.

Ile picha bado imo kwenye simu yake.